Kidude cha Dola Kumi na Nne

Flin Flon, mji uliokaa juu ya mwamba mtupu,
ambako hata maji taka hupita juu ya ardhi
ndani ya masanduku marefu ya mbao,
leo ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri
na mashine ya kukaushia nguo ya Orysia Hnatiuk
imenyamaza.

Taa ya ndani inawaka. Kitufe kinabonyea.
Pipa halizunguki, halikohoi,
na sare mbili za zamu ya usiku zimejikunja humo
mbichi kama samaki.

Jirani, Clarence, kaja na kikombe chake mwenyewe.
Kaegemea mlango.
"Hiyo ni fyuzi ya joto tu. Iruke.
Unganisha waya kwa waya, dakika mbili.
Yangu naiendesha hivyo tangu mwaka juzi."
Orysia anamtazama mtu
aliyelalia kiberiti miaka miwili
akidhani ni mto.
"Asante," anamwambia. "Kahawa yako inapoa."

Anachomoa plagi. Anaivuta mashine kutoka ukutani,
nayo inakwaruza sakafu
kwa sauti ya ng'ombe asiyetaka josho.
Skrubu tisa. Taras anazipokea kwenye kifuniko cha mtungi,
tochi mdomoni kama fundi wa kweli,
udenda ukimchuruzika kidevuni.

Na hicho hapo: cheupe, kirefu kama pingili ya kidole,
waya mbili, skrubu moja.
Anagusisha ncha za mita. Mita haisemi.
Anagusisha tena,
maana mfiwa humwita maiti mara mbili.
Kimya. Njia imekatika.

"Hicho ndicho kilichoharibu?"
"Hapana. Hicho ndicho kilichokataa."

Kipya kimo mfukoni mwake, dola kumi na nne,
lakini hakifungi.
Usipoziba ufa, tunaambiwa kila siku;
na usipozibua?
Anatia mkono ndani ya bomba la hewa hadi kiwikoni
na bomba linamtapikia sufi, vibonge kwa vibonge:
kijivu cha sare,
wekundu wa jezi ya hoki, ule msimu
ambao Taras hakufunga hata bao moja,
kisha, ndani kabisa, buluu.

Buluu gani? Nyumba hii haina kitu cha buluu.
Mpaka anaona manyoya mafupi ya kahawia
yamejisokota humo.
Blanketi la Borsuk.
Walimzika nalo, mwaka wa tatu huu,
ardhi ikiwa ngumu hata ikabidi
wawashe moto kwanza ndipo jembe lipite.
Taras anakipokea kibonge. Hasemi kitu.
Anakitia mfukoni, anarudisha tochi mdomoni.

Orysia amekaa sakafuni.
Februari iliyopita alikaa hivi hivi
kwenye ngazi za hospitali, usiku wa kumi na moja mfululizo,
miguu ikagoma.
Wakampima sukari. Wakampima shinikizo la damu.
Wakamwandikia vidonge vya rangi ya waridi,
wakamwambia mwili wake dhaifu.
Hakuna aliyetia mkono kwenye bomba.

Sasa anafunga kipya. Waya huu hapa, huu hapa.
Skrubu zimerudi nane; ya tisa
itapatikana siku mtu atakapoikanyaga peku.
Plagi. Kitufe.
Mashine inaguna, inakumbuka, inazunguka.

Taras kashachomoka nje bila kofia:
"Kifuniko kimeinuka! Mama, inapumua!"
Mvuke unatoka ukutani mnene, unanukia sabuni,
unageuka chembe za barafu
kabla haujafika kwa Clarence.

Fyuzi iliyokufa kaiweka dirishani, karibu na simu.
Sare zinahitaji dakika arobaini.
Anapiga namba ya msimamizi wa zamu,
anasema neno moja,
kisha analirudia taratibu,
kwa kuwa mtu wa upande wa pili
hajalizoea kutoka kwake.